Ulaya ya Mama Mkwe

Nilitoka mzima. Nawaambia mapema ili mlionitumia pole mpumzike.

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya chumba cha barafu cha muuza kuku wa Xiaobei, hapa Guangzhou, mlango umejifunga nyuma yangu na mimi nimevaa koti zito la dukani, la kujaribia. Wengine mkasema Rozina ndiyo basi tena. Niliugonga ule mlango kwa kuku aliyeganda mpaka laoban, mwenye duka, akaja kufungua. Akaniangalia mimi, akamwangalia kuku, akaniuliza nachukua mmoja au wawili.

Nikachukua mmoja. Ningefanyaje, na paja nilishamvunja.

Lakini koti lilifaulu, na hilo ndilo lililonipeleka mle ndani. Kama ndiyo kwanza unanisoma, kaa vizuri nikueleze upesi. Mimi ni Rozina, mtoto wa Tanga. Kazi yangu ni kuwatembeza wafanyabiashara wa nyumbani kwenye maduka ya jumla ya mji huu, leo nguo Shisanhang, kesho mikoba Shiling, na kuwasemea Kichina pale muuzaji anaposema meiyou, hakuna, na mimi najua ipo nyuma ya pazia. Mchumba wangu ni Thomas, Mchaga wa Kibosho, mwaka wa saba sasa anasoma hapa, shahada juu ya shahada. Ni mpole, ni mzuri, na kila anachoambiwa anajibu "sawa". Hilo "sawa" lake ndilo lililonifikisha kwa kuku.

Maana mama yake alipiga simu akasema anakuja. Akasema anataka msimu huu wa baridi azungushwe miji ya Ulaya, mmoja baada ya mwingine, mpaka achoke mwenyewe. Thomas akajibu, sawa Mama, Rozina atapanga.

Msicheke. Wazee wa ukoo wao hawatumi mshenga Tanga mpaka Mama Dorothea aseme neno, na Mama Dorothea alikuwa hajasema. Alishawahi kumwuliza Thomas kama wanawake wa Tanga wanajua kazi nyingine zaidi ya kujifukiza udi. Na alikuwa na wa kwake aliyemchagua: Clementina, muuguzi, sauti ya kwanza kwenye kwaya, anayeamka alfajiri kumkamulia Mama ng'ombe bila kutumwa. Kwa hiyo safari hii ndiyo ilikuwa mtihani wangu wa kuolewa. Nikifaulu, mshenga anapanda basi la Tanga. Nikifeli, Clementina huyo.

Basi nikajifunga kibwebwe.

Nilikwenda kwa Byron. Byron ni Mkenya wa Nairobi, ana meza moja kwenye jengo refu la Xiaobei, na kwenye meza hiyo anauza tiketi za ndege, anasafirisha mizigo, na ameweka nywele za bandia pembeni kwa ajili ya siku ambazo hakuna anayesafiri. Nikamwambia nataka Ulaya, miji mingi, wakati wa baridi, na mama mkwe ndani yake. Akafunga kompyuta kwanza, akanipa pole.

Kisha tukapanga. Sikujua kama kupanga matembezi kunaweza kugombanisha watu kiasi kile. Mimi nilitaka Paris, kwa sababu sijui mama mkwe atakayekataa Paris. Thomas alitaka Viena kwa sababu profesa wake aliwahi kuisifu. Byron akaingiza Praha. Nikamwuliza kuna nini Praha, akasema hata yeye hajui, lakini kila mteja anayerudi kutoka huko anaisimulia huku machozi yanamlengalenga. Roma ilijipanga yenyewe, maana Mama Dorothea ni mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya ya kanisa Katoliki na asingetusamehe.

Tukaja kwenye mpangilio. Byron akasema tuanzie Roma ambako baridi ina nafuu, halafu tupande taratibu. Mimi nikasema Roma iwe mwisho, mtu hamalizi nyama kwanza ndiyo ahangaike na ugali mkavu. Thomas akasema sawa. Nikamwuliza sawa kwa nani. Akasema sawa kwa wote wawili. Nilimtupia karanga usoni, na akaniambia asante kwa sababu moja iliingia mdomoni.

Treni za kutoka Viena hadi Praha tulizibadilisha mpaka Byron akaanza kuziota. Hoteli nilizikataa zote zenye ngazi, kwa sababu ya magoti ya Mama, kisha nikakumbuka Mama anaishi mlimani na magoti yake ni mazima kuliko yangu, nikazirudisha. Chakula nikakipangia hadi pilipili ya kubeba. Nguo ndizo hizo, nilizijaribu kwa kuku.

Byron akasema shida ya mtu wetu kule si baridi, ni barafu ya njiani. Akanifundisha kutembea kama bata, vidole nje, magoti laini, kwenye korido ya ghorofa yake. Wakongo waliokuja kuulizia mizigo wakasimama kuniangalia, mmoja akaniuliza kwa Kifaransa kama nimeumia nyonga. Nikawa natembea hivyo hata kwenye metro ili nizoee, na watu wakawa wananipisha viti.

Viza zetu, mimi na Thomas, tulizihangaikia mpaka tukazipata. Ya Mama ndiyo ilikuwa jambo. Byron alinionya kwamba mgeni anayekuja China kutembea tu hawezi kuombea viza ya Ulaya akiwa hapa, lazima aipate nyumbani kabla ya kupanda ndege. Nikampigia Mama mwenyewe. Nikaenda kwa adabu zote, shikamoo Mama, ng'ombe hawajambo, migomba imeamkaje, ndiyo nikafika kwenye viza.

"Viza ya Ulaya ninayo tangu mwezi jana," akanijibu kwa madaha. "Na nimeshaagwa."

Nikashusha pumzi. Byron alitaka nakala yake ili alipie tiketi alizokuwa amezishikilia, lakini Mama akasema pasipoti yake haipigwi picha ovyo, watu wa siku hizi wana mambo, atakuja nayo mwenyewe kifuani. Byron akasema huyo mama ni moto. Thomas akamtumia ratiba nzima: Paris, Viena, Praha, Roma. Mama akaisoma mbele ya jumuiya. Akina mama wakashona vitenge vya sare vya kumuagia, na picha tukatumiwa, wamejipanga mstari mbele ya kanisa, Mama katikati kama bibi harusi.

Kwenye simu ileile ya viza ndipo aliponipa habari nyingine. Clementina naye amepata shule ya uuguzi ya juu, anaondoka mwezi huu, anaenda Ulaya.

Nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Nikawasha mshumaa, nikamwombea Clementina kwa moyo wote, Mungu ampe shule ya mbali, Ujerumani huko, yenye masomo mengi na likizo chache. Nasema haya mkiyasikia, maana Mungu alisikia nusu.

Mama Dorothea alitokea kwenye mlango wa wageni wa uwanja wa ndege akiwa na koti la mtumba alilolichagua soko la Memorial, Moshi, refu mpaka kwenye vifundo. Glavu alikuwa nazo, skafu mbili, na kofia ya sufu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Nje watu walikuwa na fulana. Jasho lilikuwa linamtiririka puani, na hakulifuta, kwa sababu ya glavu.

Nikapiga magoti kidogo nikamwamkia. Akaniitikia akitazama juu ya kichwa changu. Akavuta pumzi ndefu.

"Hewa ya Ulaya ina harufu nyingine," akasema.

Nikajua ni uchovu wa safari. Kwenye teksi akasema barabara za Ulaya hazina mashimo. Kwenye lifti akasema Wazungu wa huku ni watu wapole, kumbe. Thomas akasema sawa.

Nyumbani nilimwandalia yule kuku wangu wa paja moja, nimemuunga kwa nazi. Mama akala. Akaomba mchuzi tena. Akasema, bila kuniangalia, kwamba huyu kuku alipigwa na mtu mwenye hasira lakini kapikwa na mtu anayejua. Mwenzangu, moyo ulinipaa. Nikaona mshenga yule kashika tiketi ya basi la Tanga. Hapo hapo nikaona nimalize kazi, nikamwomba ile viza ya Ulaya, kwamba Byron anaisubiri.

Akaitoa pasipoti kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye leso. Nikapekua. Nikapekua tena kuanzia nyuma. Nikaitikisa.

"Mama, hii ni viza ya China."

"Ndiyo. Ya Ulaya."

"Ulaya ipi, Mama?"

"Ulaya ya China," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko. "Kuna Ulaya ya Waingereza, kuna Ulaya ya mapadre, na kuna hii ya kwenu. Kwani mwanangu miaka saba yote yuko wapi?"

Thomas aliinuka akaenda chooni. Alikwenda na sahani yake.

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Angesema ndiyo Mama, kweli Mama, lala upumzike, tutaongea kesho. Lakini mimi nilikuwa nimetembea kama bata kwa wiki nzima. Nilikuwa nimelala na majina ya vituo vya treni. Nilitoa simu, nikafungua ramani, nikamwekea mbele ya mfupa wa kuku. Nikamwonyesha, hii ni Asia, sisi tuko hapa chini, Ulaya ni kule, katikati pana Warusi wote unaowajua na usiowajua. Na nikatumia sauti yangu ya kazini, ile ya kumwambia mteja kwamba kontena limeshajaa.

"Hapa si Ulaya, Mama. Hapajawahi kuwa Ulaya."

Mama akaiweka chini nyama aliyokuwa ameishika. Akaitazama ile ramani muda mrefu. Halafu akaivua kofia, na nywele zake zilikuwa zimelowa, na niliona ghafla kwamba ni mtu mzima aliyesafiri mabara mawili ndani ya koti zito ili asituaibishe.

"Nimesema kanisani kwamba mwanangu yuko Ulaya," akasema. "Nimesema msibani. Nimesema hospitali. Wewe umenipikia, ukaningoja nishibe, ndiyo unaniambia mimi ni muongo."

Nikaanza kusema hapana Mama, sikumaanisha. Akainua mkono kunizuia.

"Clementina asingenionyesha ramani."

Akamwita Thomas. Akamwuliza kupitia mlango wa choo, hapa ni Ulaya au si Ulaya. Kijiko kikagonga sahani. Kisha sauti ikatoka taratibu.

"Sawa, Mama."

Nilitamani nirudi kwa kuku, na mlango ujifunge.

Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake, amevaa koti na kofia, tayari kurudi. Niliumia, sifichi. Nilijua nimempoteza mume kwa ajili ya ramani, tena ramani ambayo hakuna aliyeniomba. Nikamwekea chai. Hakuigusa. Akanipa simu yake tu nisome.

Lilikuwa kundi la WhatsApp la akina mama wa jumuiya. Salamu zimejaa, maua yamejaa, na chini kabisa Katibu ameandika kwamba wote wamekusanyika kwake, wamekaanga maandazi, wanasubiri picha ya Paris.

Nikamtazama Mama. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Na hapo, jamani, hasira yangu yote iliisha, nikamwonea huruma kama mama yangu mwenyewe. Nikaenda nikamletea skafu zake mbili.

"Vaa glavu, Mama. Tunaenda Paris."

Alinikazia macho. "Ni dhambi?"

"Ni Paris ya Ulaya ya China. Si umesema mwenyewe?"

Alifikiri kidogo. Kisha akanyanyuka juu ya sanduku, akainywa ile chai kwa mkupuo, akaanza kuvaa glavu.

Mji huu una mnara mrefu sana, maarufu, umebanwa kiunoni kama mwanamke wa Tanga. Hicho kiuno ndicho kilichotusumbua, maana mnara wa Paris hauna kiuno, hata akina mama wa jumuiya wanajua. Ilibidi nilale chali chini, barabarani, nipige picha kutokea miguuni ili yaonekane machuma tu na Mama mbele yake. Mlinzi akaja kuuliza kama nimezimia. Mama akamwambia kwa Kichaga amwache mtoto afanye kazi, na mlinzi akaniacha. Tukaituma: Paris, baridi kali, tuombeane.

Katibu akajibu papo hapo, mbona Mwenyekiti anatoka jasho? Mama alishika simu, akafikiri, akaandika kwa kidole kimoja: "Ni theluji inayeyuka."

Nilimtazama kwa macho mapya kabisa. Huyu mwanamke alikuwa wangu.

Viena tuliipata Shamian, kule kwenye majumba ya zamani yenye nguzo na madirisha marefu ambako maharusi wa mji huu huenda kupigwa picha. Mama hakungoja nimpange. Aliona shela la bibi harusi mmoja limekaa upande, akapita katikati ya wapiga picha, akalirekebisha, akamshika yule binti mashavu, akampa mawaidha ya ndoa kwa Kichaga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Bibi harusi hakuelewa neno, akalia. Bwana harusi naye akalia. Wakamng'ang'ania apige nao picha. Tukaituma: Viena, nimealikwa harusi. Maandazi kule jumuiya yaliungua, tuliambiwa baadaye.

Siku iliyofuata tulikwenda Huadu. Tulipitia Shiling kwanza, Mama akataka mikoba ya kuwapelekea wenzake, na laoban mmoja alipomkatalia bei kwa kumwambia meiyou, Mama naye akamwambia meiyou, akaketi juu ya kiti chake, akatoa njugu, akaanza kula. Alipewa bei aliyoitaka na mkoba wa nyongeza. Akasema aika, asante ya Kichaga, na kuondoka.

Halafu Praha. Kule Huadu kuna jumba kubwa lenye theluji ndani, ya kweli, ya kuteleza. Tuliingia, ubaridi ukatupiga, na kwa mara ya kwanza lile koti la Memorial likawa mahali pake. Katika sisi wote watatu ndilo peke yake lililowahi kukaa Ulaya, na lilionekana kufurahi.

Mama alisimama mlangoni. Maisha yake yote ameiona theluji juu ya mlima, kila asubuhi akitoka kwenda kwa ng'ombe, nyeupe, mbali. Hajawahi kuigusa. Alivua glavu moja, akainama, akachota kidogo, akaionja.

"Haina kitu," akasema, na akacheka.

Mimi nilijitosa na mwendo wangu wa bata, ule wa Byron, vidole nje, magoti laini. Hatua chache tu, mguu mmoja ukaenda Viena na mwingine Roma. Nilianguka kifudifudi mbele ya watoto wa shule. Thomas alibaki amesimama, akasema sawa. Aliyekuja ni Mama, anatembea kwenye barafu kama yuko shambani kwake. Aliniinua kwa kwapa, akanigeuza, akanipangusa theluji mgongoni kwa glavu yake.

"Wewe mtoto wa Tanga una kichaa," akaniambia, na akaendelea kunipangusa hata pale theluji ilipokuwa imeisha.

Machozi yalinitoka. Nikasema ni baridi.

Ikabaki Roma. Jumapili tukaenda kwenye kanisa kuu, lile la mawe lenye minara miwili iliyochongoka, ambako watu wetu wote wa mji huu husali. Tulipofika mlangoni Mama akanishika mkono. Akasema Paris tumetania, Viena tumetania, lakini kanisani yeye hawezi kuandika uongo, hata wa Ulaya ya China. Nikamwambia tusiandike Roma. Tuandike tu, niko kanisani. Kila mtu atakachokiona, ni macho yake. Akaridhika.

Baada ya misa tulisimama uani. Mama akampa Thomas simu atupige picha. Alisema atupige, si ampige. Akanivuta kwa mkono nikasimama ubavuni kwake, akanitengenezea kola, akaanza kusema huku anatazama kamera.

"Thomas, nikirudi nyumbani nitawaambia wazee kwamba..."

Simu ikalia ujumbe mkononi mwa Thomas, yeye akageuka kuisoma. Nilitamani kumtupia karanga, sikuwa nazo.

Picha ilikuwa imeshakwenda, Thomas alikuwa ameituma kabla ya Mama kumaliza sentensi. Na aliyejibu hakuwa Katibu. Alikuwa Clementina. Kwa adabu zake zote aliandika: "Shikamoo Mama Mwenyekiti. Kanisa zuri. Mbona linafanana na la hapa nilipo?"

Mama akaisoma. Akaisoma tena.

"Clementina si yuko Ulaya?" akaniuliza.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo sana, ile niliyopaswa kuitumia tangu usiku wa ramani.

"Ulaya ipi, Mama?"

Hakujua. Alisema tu, walisema Ulaya.

"Shikamoo Mama."

Ilikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, nyororo, nyuma yetu. Tukageuka. Msichana mrefu, nywele zimesukwa vizuri, gauni jeupe, begani ana mkoba wa chuo wenye maandishi ya Kichina. Alikuwa na kikoti chepesi, kilicholingana na hali ya hewa. Akapiga magoti kabisa, mpaka chini, mbele ya watu. Akasema shule yake iko vituo vichache tu vya metro kutoka hapa, na kwamba alipoambiwa kaka Thomas naye yuko mji huu huu alimshukuru Mungu. Akamtazama Thomas. Thomas akafungua mdomo.

"Usiseme," nikamwambia.

Clementina akainuka. Simu yake ilikuwa wazi mkononi, kwenye kundi la jumuiya, ameshaanza kuandika, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Kule Kibosho maandazi yalikuwa mezani, na wanawake wote wenye sare ya kitenge walikuwa wanasubiri.

"Mama," akauliza kwa upole, "niwaambie tuko pamoja? Niseme tuko wapi?"

Mama Dorothea aliitazama ile simu. Rangi ilimtoka. Akayumba ndani ya lile koti, akanyoosha mkono bila kutazama upande wowote, na akalisema lile neno nililolitafuta Paris, Viena na Praha, nililokwenda kulitafuta hata kwenye barafu ya kuku.

"Mkwe wangu," akasema, "nishike."

"Abee, Mama."

Tuliitika sote wawili.